Jinsi ya Kupanda Mlima Elgon Ukarudi na Adabu

Wapanda milima wa Afrika Mashariki ni wa aina nyingi, ila kuna mmoja anayehitaji kufundwa kabla hajakanyaga Elgon. Ni yule anayefika Ijumaa usiku, akaanza kupanda Jumamosi alfajiri, akapiga picha ameinua mikono, na Jumatatu asubuhi yuko ofisini akiwatangazia wenzake kwamba ameushinda mlima. Mwulize mlima huo una watu gani, atakueleza habari za baridi. Mwulize mito yake inamwaga maji wapi, atakuonyesha saa ya mkononi iliyomhesabia hatua. Mwongozo huu ni wake, na ni wa kila mmoja wetu aliye karibu kufanana naye.

Neno lenyewe ni hili: Elgon ni mlima wa kuingia ndani zaidi kuliko wa kwenda juu. Una mapango ambamo watu na ng'ombe wamelala na ndovu wamelamba chumvi. Una kasoko ambayo mtu anaweza kutembea siku nzima asiimalize. Una nchi mbili, maziwa matatu yanayonywa maji yake, na kesi za ardhi zilizozeesha mawakili. Anayepanda bila kuingia amelipa nauli bure. Zifuate hatua nane hizi, na usiruke hata moja.

Hatua ya kwanza: Acha kutafuta ncha

Ukifika Kimilili, Endebess au Kapchorwa, usimsumbue mwendesha bodaboda kwa kumwuliza mlima uko wapi. Umeshaukanyaga. Elgon umekaa kama ungo uliofunikwa: kitako chake kina upana wa takriban kilomita 80, na mteremko unapanda polepole kiasi kwamba macho hayastuki. Anayetarajia jabali lililosimama wima mbele ya kioo cha gari ataupita mlima mzima huku akiendelea kuusubiri.

Mlima huu ni volkano iliyozimika, na ulianza kujengeka zaidi ya miaka milioni 20 iliyopita. Kilimanjaro haujatimiza hata miaka milioni tatu. Kwa hiyo unapomsikia mtu akiudharau Elgon kwa kuwa haufiki mita 5,000, jua kwamba anamkosea mzee adabu. Milipuko, mvua na muda vimeondoa kichwa cha mzee huyo, na mahali pake kumebaki kasoko yenye upana wa kilomita nane hivi, iliyozungukwa na vilele kadhaa. Wagagai, mita 4,321, ndicho kirefu kuliko vyote. Sudek kina mita 4,302, Koitobos 4,222, Mubiyi 4,211 na Masaba 4,161.

Soma tena orodha hiyo, kwa maana ndipo somo la kwanza lilipo. Vilele vinakaribiana urefu, vimekaa mduara, na katikati kuna uwazi mkubwa. Mlima wenyewe unakuambia uende katikati. Anayekimbilia kimoja, akakigusa na kurudi, amekwenda harusini akaishia kushika kitasa cha mlango. Na anayekuja kutafuta theluji ya kudumu apande basi la Moshi, kwani hapa hakuna.

Hatua ya pili: Usibishane na mpaka, ufuate

Kijana wa Nairobi na kijana wa Kampala wakikutana kambini, ubishi haukawii kuzuka. Mmoja anasema kilele kirefu kiko kwao, mwingine anasema mapango makubwa yako kwao, na chai inapoa. Waache wabishane, wewe chukua ramani.

Mpaka wa Kenya na Uganda unapanda mlima ukifuata mto Lwakhakha, unafika Sudek, unakatiza kasoko kwa mstari ulionyooka, kisha unashuka upande wa pili pamoja na mto Suam. Koitobos kikabaki Kenya, Wagagai kikabaki Uganda, na Sudek kikakaa nusu kwa nusu. Mstari huo haukuchorwa na wenyeji wa mlima, si Mbukusu wala Mmasaba, wala hakuulizwa Msabaot. Mwaka 1902 Waingereza waliukata Mkoa wa Mashariki wa Uganda, ambao ulikuwa ukifika hadi karibu na Naivasha, wakautia katika himaya yao ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye iliitwa Kenya. Familia zilizokuwa zikichunga pamoja zikalala upande mmoja na kuamka pande mbili. Na mwezi Februari 1976 Idi Amin alipodai kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ilikuwa mali ya Uganda, watu wa kando ya mlima ndio waliokuwa wa kwanza kujiuliza wangelala nchi gani.

Maji hayakusikia amri hizo. Mito ya kusini mashariki inaingia Nzoia na kufika Ziwa Victoria. Manafwa, Sipi na Lwakhakha yenyewe zinaelekea Ziwa Kyoga. Suam inatoka ndani ya kasoko, inashuka ukame wa kaskazini kwa jina la Turkwel na kumalizikia Ziwa Turkana. Mvua moja ikinyesha juu, inanywewa na mvuvi wa Kisumu, mkulima wa mpunga wa Uganda mashariki na mfugaji wa Lodwar. Mtu akikuuliza mlima ni wa nani, mpe jibu hilo.

Pamoja na hayo, usivuke ovyo. Wakenya na Waganda wanavuka mpaka wao kwa kitambulisho cha taifa, lakini kasokoni hakuna dirisha la uhamiaji. Ukitaka kupanda upande mmoja na kushukia wa pili, panga mapema na Shirika la Huduma za Wanyamapori la Kenya na Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda. Askari wa doria hatambui shauku yako kuwa hati ya kusafiria.

Hatua ya tatu: Salimia wenye mlima

Wapo wanaodhani watu wa mlimani ni sehemu ya mandhari, wa kupigwa picha wakiwa na kuni kichwani. Mtu wa namna hiyo arudishwe stendi akaanze safari upya. Kusini na magharibi utawakuta Wabukusu na Wamasaba, ndugu wa lugha moja waliotenganishwa na mpaka, ambao mlima wanauita Masaba. Wasalimie kwa "mulembe", usimame, usubiri kuitikiwa. Kaskazini na mashariki wako Wasabaot na ndugu zao Wasebei. Juu zaidi, kwenye nyika zinazopakana na msitu, wako Waogiek wa Chepkitale upande wa Kenya na Wabenet upande wa Uganda.

Ukija mwezi Agosti wa mwaka unaogawanyika kwa mbili, utakuta barabara zimejaa ngoma na vijana waliopakwa unga. Huo ni msimu wa tohara. Wamasaba huufungua katika uwanja wa Mutoto, karibu na Mbale, na Wabukusu hutahiri vijana wao msimu huohuo. Usimkimbilie kijana na simu yako. Mwombe ruhusa mzee wake, na ukinyimwa, shukuru, kaa kitako utazame kwa macho uliyopewa na Mungu.

Mjue pia Elijah Masinde. Alikuwa mchezaji hodari wa mpira aliyeichezea Kenya dhidi ya Uganda, kisha katika miaka ya 1940 akaanzisha Dini ya Msambwa, iliyowaambia watu warudi kwa mizimu yao na kwa Masaba, mlima wao mtakatifu, na kuwakataa wakoloni na kodi zao. Mwezi Februari 1948 polisi waliwafyatulia risasi wafuasi wake huko Malakisi na kuwaua 11. Masinde alifungwa na wakoloni, kisha akafungwa tena Kenya ikiwa huru. Unapopita vijiji vya Kimilili, unapita nyumbani kwa mtu huyo.

Na usijifanye hujui habari za ardhi. Walowezi walipotwaa Trans Nzoia, Wasabaot walisukumwa kuelekea juu. Ugomvi wa mashamba ya Chebyuk ulizaa kundi la wapiganaji lililoua mamia ya watu kati ya 2006 na 2008, na operesheni ya jeshi iliyofuata, Okoa Maisha, iliacha malalamiko ya mateso yasiyosahaulika. Waogiek walikuta Chepkitale yao imetangazwa kuwa hifadhi mwaka 2000, wakapigania haki mahakamani, na mwaka 2022 mahakama ya Bungoma ikawapa ushindi. Wabenet walitambuliwa na Mahakama Kuu ya Uganda mwaka 2005 kuwa wenyeji wa asili wa eneo lao, ingawa wengi wao wangali wakiishi kwa wasiwasi. Msitu unaousifia kwamba haujaguswa umeguswa na watu hawa kwa karne nyingi, na ndio waliokuwekea. Waogiek wameandika sheria zao za kimila zinazokataza kuchoma makaa na kuua ndovu, na wanazisimamia wenyewe.

Hatua ya nne: Chagua njia, kisha umsikilize anayeijua

Upande wa Uganda, njia ya Sasa inaanzia Budadiri. Ni fupi na ni kali. Siku ya kwanza inakupandisha miamba ya Mudangi kwa ngazi, na hapo ndipo wasemaji wengi hunyamaza wenyewe bila kuombwa. Unalala kambi ya mto Sasa, karibu mita 2,900, kisha pango la Mude, karibu mita 3,500, ndipo uende Wagagai. Njia ya Sipi inaanzia Kapkwai na kupitia pango la Tutum, na ya Piswa inaanzia Kapkwata. Hizi mbili ni ndefu na laini zaidi. Wengi hupanda kwa Sasa na kushukia Sipi kwa siku tano, na mimi nakusihi ufanye hivyo, maana kurudi kwa njia uliyojia ni kusoma ukurasa mmoja mara mbili.

Upande wa Kenya, geti la Chorlim liko jirani na Endebess, katika hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 1968 yenye kilomita za mraba 169. Kutoka hapo barabara ya magari inapanda mbali sana, na kilichobaki hadi Koitobos ni safari ya saa chache kwa miguu. Wepesi huo ndio mtego. Gari linakufikisha juu kabla mapafu yako hayajapata habari. Shuka mapema utembee. Njia ya Kimilili kupitia Kaberwa na nyika za Chepkitale ni ndefu zaidi, na inakupitisha msituni kwa utaratibu unaostahili.

Kwa utaratibu nina maana hii: kwanza mashamba ya kahawa na migomba, kisha msitu wa mizeituni pori, miti ya podo na mierezi, kisha mianzi, kisha vichaka vya baridi, na mwishowe nyika ya lobelia na senesio zilizomzidi mtu urefu. Kila tabaka lina harufu yake na ndege wake. Anayepita tabaka tano akiwa na nyimbo masikioni amejiibia mwenyewe.

Nenda kati ya Disemba na Machi mapema, wakati njia zimekauka. Beba koti la mvua hata hivyo, sweta mbili, kofia ya sufu na buti ulizokwisha kuzivaa nyumbani kwa wiki kadhaa. Buti mpya kwenye ngazi za Mudangi ni malengelenge ya siku tatu.

Na ajiri mpagazi, hata kama una nguvu. Lipa ujira mliokubaliana, hakikisha ana blanketi na chakula cha kutosha, umwite kwa jina lake. Usishindane naye kwa mwendo. Miteremko hii ndiyo iliyomlea Stephen Kiprotich, bingwa wa marathoni ya Olimpiki ya London 2012, Peruth Chemutai, aliyetwaa dhahabu ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji huko Tokyo, na Joshua Cheptegei, mshindi wa mita 10,000 huko Paris 2024. Mtoto wa shule atakupita akiwa na dumu la maji kichwani, atakusalimia kwa heshima, na hatahema. Itikia salamu yake, ujifunze.

Hatua ya tano: Ingia pangoni kwa nidhamu

Sasa tuingie. Upande wa Kenya kuna mapango ya Kitum, Makingeny, Chepnyalil na Ngwarisha. Kitum ndilo mashuhuri zaidi. Linaingia mlimani karibu mita 200, na ndovu wamekuwa wakiingia humo usiku, gizani kabisa, wakipapasa njia kwa mikonga, wakiongozana na watoto wao, ili wabomoe ukuta kwa pembe zao na kutafuna mawe yenye chumvi. Sababu iko juu yako: mvua nyingi za mlima huosha chumvi kutoka udongoni, majani yanakuwa hayana ladha wala madini hayo, na mnyama mkubwa hana budi kuyafuata mwambani. Wafugaji nao waliwaingiza ng'ombe wao humo kwa haja hiyohiyo.

Joseph Thomson, msafiri wa Kiskoti, alifika mwaka 1883 akakuta watu wakiishi mapangoni pamoja na mifugo yao. Alipotazama ukubwa wa vyumba vile, alidhani vimechongwa na watu wa ustaarabu fulani wa kale. Wenyeji walikuwa mbele yake, na alama za pembe zilikuwa ukutani, ila hakumpa ndovu sifa yake. Wewe mpe. Angalia mikwaruzo ile kwa tochi, ufikirie vizazi vya mama na watoto vilivyojifunza njia hiyo bila taa. Ujangili wa miaka ya 1970 na 1980 uliwapunguza sana, na kila ndovu aliyebaki anabeba ramani ya giza hilo kichwani.

Nidhamu ya pangoni inahusu pia uhai wako. Mwaka 1980 Mfaransa mmoja aliyekuwa akifanya kazi magharibi mwa Kenya, na mwaka 1987 mvulana mmoja wa Kidenmark, walifariki kwa ugonjwa wa Marburg, na wote wawili walikuwa wamezuru Kitum. Baadaye watafiti walithibitisha kwamba virusi vya Marburg hubebwa na popo wala matunda wanaoishi mapangoni. Mwaka 2017 ugonjwa huo uliibuka wilaya ya Kween, upande wa Uganda wa mlima huuhuu, ukaua watu watatu wa familia moja. Basi usiguse popo, usiguse kinyesi chao, usishike kuta kwa mikono mitupu, usile chochote humo ndani, na mwongozaji akisema pango hili leo haliingiwi, geuka. Shujaa wa pangoni huwatia hatarini watu wa nyumbani kwake wasiojua hata Kitum iko wapi.

Hatua ya sita: Ukifika ukingoni, endelea kuingia

Wengi hufika ukingo wa kasoko, wakaona kilele, wakakikimbilia. Wewe simama utazame ndani. Huko chini kuna nyika pana yenye nyasi za mafungu, vijito visivyo na kelele, na senesio zilizosimama na makoti ya majani makavu. Majani hayo hayajaachwa kwa uvivu. Mmea huyashikilia shinani yaukinge shina dhidi ya baridi, maana mchana jua linachoma na usiku maji yanaganda. Lobelia hufunga majani yake jua linapotua ili kulinda kitovu chake. Mimea hiyo imejifunza kujifunika. Mwanadamu aliyekuja na fulana moja ya picha ana jambo la kujifunza kwayo.

Shuka kasokoni hadi Suam inapokusanya maji yake, na ukiwa na siku ya ziada, fika chemchemi za maji ya moto zilizo kwenye korongo ambapo mto unatoka nje ya mlima. Volkano imezimika, ila moto wake wa chini haujasahau kabisa. Hapo ndipo utakapojua kwamba Elgon una mlango, na kwamba mlango huo unaelekea Turkana.

Nenda polepole. Mwenda pole hajikwai, na mlimani pia haumwi kichwa. Ukivuka mita 3,000, usipandishe malazi yako zaidi ya mita 500 kwa siku. Kichwa kikiuma, pumzika na unywe maji. Ukianza kutapika, kuyumba au kuchanganyikiwa, shuka mara moja, hata kama ni usiku na kilele kinaonekana. Mlima uliokaa miaka milioni 20 utakungoja hadi mwakani.

Ukikifikia kilele, sawa, piga picha. Kisha toa simu machoni utazame upande wa pili, nchi ya mwenzako. Ukiwa Wagagai, kitafute Koitobos ng'ambo ya kasoko. Ukiwa Koitobos, kitafute Wagagai. Kilele cha Elgon kinaeleweka ukikiona kutoka kilele kingine.

Hatua ya saba: Kula mlima wenyewe

Kuna mgeni anayebeba biskuti kutoka dukani mjini, akazila siku nne, akashuka na njaa ya aina mbili. Usiwe yeye. Kwa Wamasaba omba malewa. Ni machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi, yakarowekwa, kisha yakapikwa na karanga zilizosagwa. Ladha yake ina moshi na msitu, na huliwa na ndizi au ugali. Kwa Wasabaot omba mursik, maziwa ya kibuyuni yaliyochachuka, unywe bila kukunja uso. Ukiwa Sipi, tazama maporomoko matatu, refu kuliko yote likiwa na takriban mita 100, lakini usiondoke kabla ya kunywa kahawa ya hapohapo.

Kahawa ya Bugisu ni arabika inayokomaa polepole kwa sababu ya baridi ya mwinuko, na wakulima wake waliunda chama kikuu chao cha ushirika mwaka 1954, enzi za mkoloni. Ni kahawa iliyowahi kutikisa mpaka. Baridi kali iliharibu mashamba ya Brazil mwaka 1975, bei ya dunia ikapaa, na mkulima wa Uganda chini ya Amin alikuwa akilipwa senti kidogo na serikali yake. Kahawa ikaanza kutembea usiku. Ilivuka Lwakhakha na kuuzwa upande wa Kenya kwenye soko la Chepkube, na wapo waliotajirika kwa msimu mmoja. Serikali zikaiita magendo. Wazee wanaoikumbuka wanakusimulia karo za watoto zilizolipwa na mabati yaliyoezekwa, na pia wanawakumbuka waliopigwa risasi njiani.

Kwa hiyo ukinunua kahawa, inunue kwa mkulima au kwa chama chake, na usidai punguzo kana kwamba unanunua mitumba. Gunia lile limebebwa mgongoni kwenye mteremko uliokufanya wewe uketi mara kumi.

Hatua ya nane: Pokea jembe

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Safari kamili ya Elgon ni siku nne au tano. Hesabu mwenyewe: kwa sheria ya wahenga, unashuka ukiwa na deni la jembe la siku mbili tatu, na wakati wa kulilipa ni sasa.

Mteremko wa magharibi ni mkali, una mvua nyingi, udongo mzito na watu wengi, na msitu uliokuwa ukiushika umekatwa. Tarehe 1 Machi 2010 ardhi iliporomoka Nametsi, wilayani Bududa, ikafukia mamia ya watu, wengi wao wasionekane tena. Oktoba 2018 mto ulifurika mawe na matope Bukalasi, wilaya hiyohiyo. Novemba 2024 ilikuwa zamu ya Bulambuli. Hawa ndio watu waliokupikia, waliokubebea mzigo na kukuonyesha njia. Mti unaokatwa juu yao ni ukuta wa nyumba yao unaobomolewa.

Jembe lenyewe lina kazi kadhaa. Panda miti ya kienyeji pamoja na vikundi vya vijiji, na ulipe gharama ya kuitunza, kwani mche bila mlinzi ni chakula cha mbuzi. Usinunue makaa ya msitu huo njiani unaporudi, hata yakiwa rahisi. Shusha takataka zako zote, na za yule mshindi wa Jumamosi uliyempita. Ukiwa na kalamu au kura, tumia kuuliza kesi za Waogiek na Wabenet zimefikia wapi, maana hukumu ya mahakama isiyotekelezwa haimlazi mtu usingizi.

Na kuna jembe moja kubwa la kuwapa viongozi wetu. Pande zote mbili za mlima zimetambuliwa na UNESCO kuwa hifadhi za uhai, ya Kenya mwaka 2003 na ya Uganda mwaka 2005. Ndovu wanavuka, popo wanavuka, maji yanavuka, ugonjwa nao unavuka. Tunataka tiketi moja ya kuingilia Chorlim na kutokea Budadiri, doria moja dhidi ya ujangili, onyo moja la mvua linalofika Bududa na Bungoma kwa saa ileile, na mapato yanayogawanywa na vijiji vya pande zote. Jumuiya ya Afrika Mashariki inajengwa kwenye kumbi za Arusha kwa hotuba ndefu. Kuna mlima mzima unaosubiri kuwa mfano wake, na wakazi wake wanaijua kazi hiyo kuliko wajumbe.

Basi funga buti. Wapagazi wa Budadiri wako tayari, njia ya Sasa imekauka, na jembe lako liko palepale penye njia, mpini ukielekea kwako.